Nilivyokwama Kwenye Sakafu ya Baba

Kama uliwahi kutumiwa ile video ya mwanamke aliyesimama katikati ya nyumba kama kigingi cha kufungia mbuzi, watu wanamvuta huku wanacheka, na sauti ya mwanamume inasikika ikisema, "Jamani, daktari amejijenga," basi acha nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine: yule mwanamke ni mimi, na ile sauti ni ya ndugu yangu wa tumbo moja. Video ilianzia kwenye kikundi cha simu cha kanisa letu la Matinyani, kule Kitui, ikavuka hadi kwa mashemeji zetu Tseikuru, na niliporudi kazini Nairobi nikakuta mtu amebandika picha ya jozi ya gambuti kwenye mlango wa maabara yetu. Nimeona aibu mpaka aibu yenyewe imechoka. Kwa hiyo leo nitawaeleza yote, polepole, kwa sababu wengi wanaocheka hawajui ni nini hasa kilichonishika pale, wala hawajui kwamba kile kicheko ndicho kilichoniuma kidogo kuliko mengine yote ya siku ile.

Mimi ni mwanakemia. (Nyumbani wananiita daktari, na kila nikienda kuna mtu ananionyesha goti lake, namwambia kwa upole kwamba udaktari wangu mimi ni wa mawe, naye ananiangalia kama mtu aliyenyimwa dawa.) Kazi yetu pale maabara ni kuchukua vifusi, yaani mabaki ya majumba yaliyobomolewa, matofali na zege na lipu iliyobanduka, tukavisaga, tukavichanganya na majivu ya tanuri za matofali, tuone kama vinaweza kurudi kuwa sakafu na kuta bila kula simiti nyingi. Na haitoshi viwe vigumu. Jengo la zamani huenda lilipakwa rangi yenye madini ya risasi, au lilikuwa karakana ya betri, nani ajuaye, na wewe hutaki mtoto wako atambae juu ya kitu kama hicho. Ndiyo maana kila mchanganyiko tukishautengeneza tunauvunja vipande vidogo, tunaviloweka kwenye maji safi, tunavitikisa, kisha tunayapima yale maji tujue ni nini kimetoka. Tunayauliza maji, kwa sababu jiwe lenyewe halisemi.

Halafu kuna kichocheo, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndicho kilichonipeleka kubaya. Vifusi na majivu ukivitia maji vinaweza kushikana, lakini vinakawia, kama vijana wawili wanaopendana na kila mmoja anaona haya kuanza. Kichocheo ni mshenga. Unatia kidogo tu, anakimbia huku na huku, anawaozesha haraka, kisha yeye mwenyewe anarudi kwake kama alivyokuja. Chetu ni unga mweupe, na kipimo chake tumekihangaikia sana. Ukitia kidogo mno, harusi haifanyiki. Ukizidisha, washenga wanakuwa wengi kuliko maharusi, na hao waliozidi hatujui watalala wapi.

Sasa niwaambie kuhusu Baba.

Mama alipotuacha, Baba alibaki peke yake pale Matinyani, na kifua chake ambacho hakikuwa kizuri kikazidi kuwa kibaya. Sakafu ya nyumba ilikuwa ya simiti nyembamba, ya zamani, iliyopasuka ikageuka vumbi. Ukifagia leo, kesho unafagia sakafu yenyewe. Kaka yangu Musyoka, ambaye ana duka la vipuri kule Salama, kando ya barabara ya Mombasa, akaja na gari akamchukua. Simlaumu. Alimpa Baba chumba kizuri chenye kitanda kizuri. Ila malori yanapita Salama usiku na mchana, na Baba, ambaye maisha yake yote alizoea kuamka akaangalia mbali, akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka akiangalia ukuta.

Hakuwahi kusema anataka kurudi. Nikimpigia simu ananiuliza mambo madogo madogo. "Mbaazi zimechanua?" "Ule mlango wa jikoni bado unagonga upepo ukivuma?" Mimi niko Nairobi, nitajuaje kama mlango unagonga? Lakini nilikuwa namjibu. "Zimechanua, Baba." "Unagonga, Baba, ule ule." Naye anasema, "Eeh," kisha tunanyamaza wote wawili, kila mmoja ameshika simu, na nadhani tulikuwa tumesimama mahali pamoja, mimi na yeye, kwenye ule uwanja wenye kivuli cha mparachichi wa Mama, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa huko. Jina la Mama hakulitaja. Tangu tumzike sikumsikia akilitaja hata mara moja.

Ndipo Musyoka akaleta habari kwamba mchwa wanaila nyumba, na kwamba ni heri tung'oe mabati na milango kabla wezi hawajatutangulia. Nikapinga. Nikasema nitaweka sakafu mpya, ngumu, isiyotoa vumbi, kutoka kwenye mchanganyiko wetu wenyewe ambao tumeshaupima na maji yake ni safi. Musyoka akacheka. Baba, aliyekuwa kwenye kiti chake cha plastiki kama hatumhusu, akasema:

"Weka hiyo sakafu. Ikifaa, nitarudi. Isipofaa, ng'oeni mabati, mwache kusumbuana."

Kwa hiyo sakafu ile haikuwa sakafu tu, nadhani mnaelewa. Ilikuwa ndiyo nyumba yenyewe.

Wanawake wa kanisa la Mama wakasema watafanya mwethya. Kwa wasiojua, mwethya ni kazi ya pamoja ya kwetu Ukambani: watu wanakuja kwako na majembe yao na ndoo zao, wanaimba, wanafanya kazi ambayo peke yako ungeifanya mwezi mzima, wewe unawapikia, na kesho utakwenda kwa mwingine. Na mwethya wa kwetu haushiki jembe kabla ya maombi. Hilo linajulikana. Hakuna mtu anayekwambia, kama ambavyo hakuna anayekwambia uvue kofia kanisani.

Siku ikafika. Nikaja na magunia ya vifusi vilivyosagwa, na majivu, na kichocheo kwenye mkebe uliofungwa vizuri. Kiongozi wa kina mama ni Mama Ndunge, rafiki mkubwa wa Mama, mwanamke mrefu mpana mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliponiona nimevaa viatu vya mjini alitikisa kichwa akanivulia gambuti zake.

"Vaa hizi, daktari. Na uzirudishe, hizi ndizo ninazokwendea kisimani."

Zilikuwa kubwa kama ndoo. Nikazivaa.

Musyoka akafika na Baba. Wakati namsaidia Baba kushuka niliona godoro limekunjwa kwenye kiti cha nyuma, limefungwa na leso ya Mama ya zamani.

"Baba, hili godoro la nini?"

"La kukalia," akasema. "Viti vya gari vinaumiza mgongo."

Nikamwangalia Musyoka, Musyoka akainua mabega. Jamani, hakuna mtu anayefunga godoro zima kwa ajili ya kukalia kutoka Salama hadi Matinyani. Baba alikuwa amekuja kulala. Hakusema, kwa sababu hangesema, lakini alikuwa ametoa godoro kitandani mwenyewe, akalikunja, akalifunga.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Kwa kipimo chetu cha kawaida, sakafu ingekanyagika kesho yake. Ilikuwa lazima Musyoka arudi dukani jioni. Nikaona wazi jinsi itakavyokuwa: Baba ataambiwa sakafu bado mbichi, atarudi Salama na godoro lake, kule watapata sababu moja, kisha nyingine, na mlango wa jikoni utaendelea kugonga bila mtu wa kuufunga. Nikafungua mkebe. Nikatia kipimo. Kisha (na nilijua, msidhani sikujua, mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu wapya wasifanye hivyo) nikatia kingine juu yake.

Pasta Mutisya alikuwa hajafika. Mama Ndunge akasema, "Tumngoje."

Nami, nikijua ninachokijua kuhusu mkebe wangu, nikasema, "Mama, tuanze tu, ataombea sakafu ikiwa chini."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akasema polepole kwa Kikamba kwamba watu wa Nairobi huanza na chakula halafu ndio wananawa mikono. Lakini nilikuwa mwenye nyumba, basi tukaanza. Tulichanganya nje juani, kwenye mchanga ambao ulikuwa umeanikwa tangu asubuhi hadi unachoma vidole. Na hili nalo nililijua: joto linakimbiza kazi ya kichocheo. Maabara yetu Nairobi ni baridi, tunavaa sweta. Kipimo kilichozidi, jua la Kitui kabla ya mvua, mchanga wa moto. Mwanafunzi wa sekondari angeniambia jibu. Lakini kina mama walikuwa wanaimba, wilbaro zinapita, mchanganyiko unamwagwa kuanzia ukuta wa nyuma kuja mlangoni, mimi niko katikati na gambuti za Mama Ndunge nausambaza kwa ubao, na Baba amekaa kwenye kiti karibu na mlango ananiangalia. Sikuwahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Nilikuwa naiona jioni. Nilikuwa namwona ameketi pale ndani, anakunywa chai, anauliza kwa nini nimeweka sukari kidogo.

Ndipo Pasta Mutisya akafika, jasho linamtoka, akaomba radhi kwamba pikipiki iliharibika njiani, akasimama mlangoni na kuvua kofia.

"Naona mmeanza," akasema.

"Basi tusimamishe kidogo. Tufumbe macho."

Wote wakaacha walichokuwa wameshika. Aliyekuwa na koleo alilichomeka pale pale kwenye mchanganyiko. Wilbaro iliyojaa ikawekwa chini. Mwenye mwiko akaulaza. Nami nikasimama wima katikati ya nyumba, mikono nimefumbata, nimezama hadi kwenye vifundo vya miguu.

Pasta Mutisya ni mtu mwema na hana haraka. Aliombea mvua. Aliombea mbuzi, kisha malisho ya mbuzi. Aliombea wanafunzi, aliombea wasafiri wa barabara ya Mombasa, na hapo Musyoka akasema amina kwa sauti. Mimi nikaanza kusikia joto kwenye nyayo. Mchanganyiko ukishikana hutoa joto; nimeliandika hilo mahali pengi, lakini sikuwahi kulisikia kupitia gambuti. Nikafungua jicho moja. Juu ya sakafu palikuwa pamebadilika rangi. Nikajiambia, Mumbua, toka hapo sasa hivi. Maombi ni maombi lakini Mungu mwenyewe anajua kemia.

Na ningetoka. Kweli ningetoka, kwa sababu mguu wa kulia bado ulikuwa unatikisika. Ila wakati huo huo Pasta akateremsha sauti akasema:

"Na Bwana, unamkumbuka dada yetu, aliyekuwa anasimama hapa mlangoni ninaposimama mimi, anatuita tupite tunywe uji, hata tukimwambia tumeshiba. Anasema uji haujui kama umeshiba. Bwana, nyumba hii imemngoja."

Nikasikia kiti cha Baba kinalia. Nikasikia Baba anasema, si kwa sauti, kama mtu anayemwambia aliye karibu yake, "Kalekye."

Jina la Mama. Niliwaambia hakuwahi kulitaja.

Basi sikutoka. Ningeutoaje mguu kwenye zege, kwa ule mlio wake wa kufyonza, katikati ya jina lile? Nilitaka Pasta aendelee. Nilitaka aseme mengine, ya uji, ya leso zake, ya jinsi alivyokuwa anaimba nyimbo za kanisa kwa maneno yake mwenyewe kwa sababu yale ya kitabuni aliyasahau. Naye akaendelea, na kina mama wakawa wanaitikia, "Eeh, eeh, Kalekye," na mimi nikafumba macho vizuri nikasimama pale na joto linanipanda hadi ugokoni, na kwa muda ule mfupi, niamini, Mama alikuwa nyumbani na sisi sote tulikuwa nyumbani.

"Amina," Pasta akasema.

"Amina," tukasema wote. Nikainua mguu. Mguu haukuinuka.

Nikajaribu wa kushoto. Nao vilevile. Nikatabasamu, kama vile mtu hutabasamu akikosa ngazi, nikajifanya narekebisha leso kiunoni. Mama Ndunge akaenda kuchukua koleo lake akalivuta, koleo likakataa. Mwenye wilbaro akaiinua ili amwage, ikapinduka nzima, mzigo umeganda ndani kama mkate kwenye sufuria. Kina mama wakaniangalia.

"Mumbua," Mama Ndunge akaniita, na safari hii hakusema daktari. "Hebu toka hapo."

"Nakuja, Mama."

"Toka basi."

"Nakuja tu."

Musyoka ndiye aliyeelewa kwanza, na badala ya kunisaidia akatoa simu. (Yale maneno yake mnayajua.) Mama Ndunge akaja akanishika kiuno, mwingine akamshika yeye, na mwingine nyuma, mpaka ikawa kama wanamnasua ng'ombe kwenye tope, na mmoja anaanzisha wimbo ili wavute pamoja. Nikawaeleza, nikiwa bado nataka kuwa mwalimu hata katika hali ile, kwamba ni kichocheo tu kimefanya kazi kupita kiasi.

"Yule mshenga?" Mama Ndunge akauliza huku anahema, maana nilikuwa nimewahadithia asubuhi.

"Huyo huyo."

"Mshenga gani huyu, anaozesha hata viatu vyangu!"

Kicheko kikawalegeza wote kwa pamoja, kisha wakavuta kwa pamoja, na mimi nikachomoka kutoka kwenye zile gambuti kubwa kama mhogo unavyochomoka kwenye udongo wa mvua, nikamwangukia Mama Ndunge, Mama Ndunge akaliangukia pipa la maji ya kuchanganyia lililokuwa karibu na mlango, pipa likamwagikia miguu ya Pasta. Nilipoketi nikaona soksi yangu ya kushoto ina tundu, na kidole gumba kimetokeza chote, mbele ya kanisa zima. Gambuti zenyewe zilibaki katikati ya nyumba, zimesimama wima, hazina mtu.

Ni hapo nilipomsikia Baba akicheka. Kwanza nilidhani ni kifua. Alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka, anawaambia kina mama, "Huyu ni Kalekye kabisa. Kalekye alichoma ugali siku ya kwanza mama yangu alipokuja kututembelea, akasema ndivyo unavyopikwa kwao." Na kila mtu akawa na cha kusema juu ya Mama. Ilikuwa kama kizibo kimetoka. Mimi nimekaa pale chini, nimelowa, soksi imetoboka, na nikafikiri kwamba kama aibu ndiyo bei ya hili, haina neno.

Laiti ingeishia hapo.

Musyoka alichukua tindo na nyundo ili atoe gambuti na kuvunja ile sehemu iliyoganda vibaya. Akapiga. Cheche zikaruka, na sakafu haikuonyesha hata alama. Akapiga tena, tindo likapinda mdomo. Baba akaacha kucheka. Akainuka, akaja na fimbo yake hadi ukingoni, akagonga. Akasogea, akagonga tena masikio ameyatega, kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"Hii ndiyo sakafu," akasema. "Ina vilima, lakini ni sakafu. Musyoka, lete godoro langu. Nalala hapa leo."

Vigelegele vikapigwa. Mama Ndunge akasahau gambuti zake akaanza kucheza. Musyoka akaenda kwenye gari, na mimi nikamwona anarudi na lile godoro begani, na leso ya Mama inaning'inia.

Mnajua nilikuwa nimelitamani jambo hilo kwa muda gani. Lilikuwa linakuja kwangu kwa miguu yake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Lakini ugumu si usalama. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, ukiifupisha. Mchanganyiko tulioupima, ambao maji yake nayajua, ulikuwa na kipimo kimoja. Huu nilioumwaga ulikuwa na viwili, na wale washenga waliozidi walikuwa humo ndani, hawakupata wa kuwaozesha, wanaweza kutoka na maji ya kudekia, wanaweza kutoka na vumbi la ufagio, na juu yake angelala mtu mwenye kifua kibovu, pua yake karibu na chini. Labda hakuna kitu. Lakini labda si neno ambalo ningemlaza Baba juu yake.

"Baba," nikasema. "Usilale hapa."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Nini?"

Nikasimama na soksi yangu. Nikamweleza, mbele ya wote, polepole kama ninavyowaeleza ninyi: kwamba nilizidisha, kwamba nilizidisha kwa sababu niliona godoro, kwamba maji ya sakafu hii sijayauliza, na mpaka nimeyauliza simruhusu mtu alale juu yake, yeye hasa.

Musyoka akasema, "Si ni wewe uliyetuita hapa, Mumbua? Umetuchezea siku nzima?"

Baba akanigeukia mimi. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mwaitu, yaani mama yangu, kama ilivyo desturi yetu.

"Mwaitu," akasema. "Hii ni sakafu yako. Umeitengeneza wewe. Na ni wewe unaikataa?"

"Naikataa, Baba."

Akaiangalia nyumba. Akaangalia kuta zote, moja moja, hadi kwenye msumari ambapo Mama alikuwa anatundika uzi wake wa kusukia kiondo. Kisha akasema, "Musyoka, rudisha godoro."

Sikumwona usoni. Gari likageuka, likashika njia, vumbi jekundu likabaki juu ya barabara muda mrefu kuliko kawaida, au ndivyo nilivyoona. Kina mama walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mama Ndunge aliniwekea sahani kubwa, akakaa karibu yangu, miguu mitupu sisi wote wawili, akasema, "Umemwambia ukweli. Sasa kula."

Nilichukua vipande vilivyodondoka kwenye wilbaro, nikavitia kwenye mkebe, nikavipeleka maabara nikaviloweka. Nawaambia, sijawahi kuogopa maji kiasi kile. Nilitaka yawe safi ili niseme nilikosea kumkatalia, nimpigie simu, aje. Hayakuwa safi. Haikuwa sumu ya kutisha, lakini kilichotoka kilikuwa zaidi ya kile tunachokiruhusu, na kwa kifua kile, zaidi kabisa. Tulilazimika kuazima mashine ya wajenzi wa barabara kuivunja sakafu yote. (Mama Ndunge nilimnunulia gambuti mpya. Anasema zinambana, na ataendelea kulisema hilo.)

Wiki hizo Baba hakupokea simu zangu. Musyoka ndiye alikuwa anapokea. "Amesema nikwambie yuko shambani," ananiambia, na pale Salama hana hata tuta la sukuma wiki. Nikawa naongea na Musyoka huku nasikia malori yanapita, na nyuma ya malori namsikia Baba anakohoa, karibu kabisa na simu. Nilikuwa nasema kwa sauti, ili asikie, "Mwambie mbaazi zimechanua." Safari hii nilikuwa nimekwenda kuziona.

Mwethya wa pili tuliufanya alfajiri, kukiwa baridi, mchanga nimeufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kipimo kimoja, na Pasta Mutisya akaomba kwanza. Aliomba kwa muda aliotaka. Niliacha aombe mpaka kina mama wenyewe wakaanza kukohoa. Kisha tukamwaga sakafu, tukaifunika, tukaiacha, sikuigusa wala kuihimiza, na vipande vyake nikaviloweka, na maji yalipokuwa safi nilituma ujumbe kwa simu ya Musyoka wenye neno moja tu: "Aje." Musyoka alimleta mwenyewe, akambebea godoro mpaka ndani, akaifunga milango yote akaifungua, kama anayeijaribu, na habari ya mabati hatujaisikia tena.

Basi wenzangu, nimejiwekea nadhiri, na mkiniona naivunja mnikumbushe: sitachanganya kitu chochote kabla ya amina, na sitatia kipimo cha pili kwa sababu ya haraka ya moyo wangu mwenyewe. Wale mnaoanza kazi hii, msikate tamaa mkikosea; mimi nilikosea mbele ya kanisa zima, na sakafu ipo. Ila jueni kwamba kuna mambo hayana kichocheo. Hakuna unga ninaoweza kuutia ili mtu arudi mapema kuliko atakavyorudi, wala ili nami niwe mahali ambapo sipo.

Juzi nilimpigia Baba simu. Niko Nairobi, dirishani kuna ukuta wa jengo la jirani, na nasikia kwake jogoo, na mlango wa jikoni unagonga. Nikamuuliza kama nilivyozoea kuuliza, kwa sababu ndiyo njia yetu:

"Baba, sakafu inaendeleaje?"

"Sakafu iko, mwaitu," akasema. "Wewe ndio hauko."